Kiraka kimeraruka njiani: namna ya kutuma mabadiliko ya msimbo kwa barua pepe

Swali limetoka kwa kijana wa Masasi:

"Shikamoo mwalimu. Nina modemu ya USB ambayo Linux haikuitambua. Nikafuatilia, nikaona namba zake hazimo kwenye draiva. Nikaziongeza katika faili la option.c, nikajenga kerneli upya, modemu ikafanya kazi. Nikasoma kwamba mabadiliko ya kerneli hupelekwa kwa barua pepe. Mara ya kwanza nilituma kwa simu, barua ikarudi hapo hapo ikisema HTML haikubaliki. Mara ya pili nilinakili kiraka nikakibandika kwenye Gmail ya kompyuta, nikachagua maandishi matupu. Ikafika, lakini mtu akanijibu kwamba kiraka kimeharibika, nitume tena kwa git send-email. Kimeharibikaje, mbona kwangu ni kizima? Na kwa nini watu wenye utaalamu mkubwa hivyo bado wanatumia barua pepe? Nimeanza kukata tamaa."

Marahaba, mdogo wangu. Pokea hongera kwanza, na ninaitoa kwa moyo. Kazi ngumu umeshaimaliza: umeona kasoro, umeifuata hadi ndani ya msimbo chanzo wa kerneli, yaani kiini cha Linux, umeirekebisha, na umeithibitisha kwa kifaa kilicho mkononi mwako. Kilichobaki ni kufunga mzigo. Wengi tumekwama hapo ulipokwama wewe, mimi mwenyewe nikiwemo.

Jambo la kulishika kuliko mengine ni kwamba barua unayotuma ndiyo kazi yenyewe. Mtunzaji wa draiva, yaani anayepokea mabadiliko yake, hataketi kunakili mistari yako kwa mkono. Ataihifadhi barua kama ilivyo na kuilisha amri iitwayo `git am`, ya Git, programu inayotunza historia ya msimbo. Amri hiyo huchukua kichwa cha barua na maelezo yako ikayaingiza katika historia ya mradi, kisha huchukua kiraka, yaani mistari uliyoongeza na kuondoa, ikakishona kwenye msimbo. Jicho la mtu husamehe nafasi iliyozidi na mstari uliovunjika. `git am` haisamehi hata kimoja.

Tufungue kiraka chako tukitazame. Chini ya maelezo utaona mstari wa namna hii:

```
@@ -2034,6 +2034,8 @@
```

Soma hivi: kipande hiki kinaanzia mstari wa 2034, katika faili la zamani kina mistari 6, katika faili jipya kina mistari 8. Ile 6 ni mitatu ya juu na mitatu ya chini ya mahali ulipogusa. Imewekwa ili mashine ipatambue mahali penyewe hata kama watu wengine wameshaongeza mambo yao kwingine katika faili hilo. Miwili iliyozidi ndiyo yako. Kisha kila mstari una alama moja mwanzoni: jumlisha kwa kilichoongezwa, kutoa kwa kilichoondolewa, na nafasi tupu moja kwa kisichoguswa.

Sasa ona Gmail ya kwenye kivinjari ilichokifanya. Msimbo wa kerneli husogezwa ndani kwa kitufe cha Tab. Ulipobandika, kila Tab iligeuzwa kuwa nafasi za kawaida. Kwenye skrini vinalingana, ndiyo maana wewe unaona kizima. Lakini `git am` inapoitafuta ile mistari mitatu ya juu na mitatu ya chini, inatafuta nafasi nyingi mahali palipo na Tab moja, haizioni, inasema kiraka hakishiki. Halafu Gmail hukata mistari ikifika herufi 78 hivi. Jedwali la option.c lina mistari mirefu, hasa ile yenye maelezo mwishoni. Mmoja ukikatwa unakuwa miwili, na ule wa pili hauna jumlisha, hauna kutoa, wala hauna nafasi mbele yake. Hapo hesabu ya 6 na 8 imevurugika, na mashine inaandika `corrupt patch at line` na namba ya mstari. Kuchagua maandishi matupu kulikuondolea HTML tu. Haya mawili yalibaki.

Ile ya simu isikuumize kichwa. Programu ya Gmail ya simu hutuma HTML, na seva za vger.kernel.org zinazopokea barua za kerneli hukataa barua yenye HTML. Hakuna mtu aliyeiona.

Umeuliza kwa nini bado barua pepe. Linux ilitangazwa mwaka 1991, na kabla yake watu walikuwa wameshazoea kupelekeana tofauti za mafaili. Programu ya `patch`, yaani kiraka, iliandikwa na Larry Wall mwaka 1985. Linus Torvalds alipoanza kuandika Git mnamo Aprili 2005, alikuwa anatafuta chombo cha kumsaidia kupokea viraka vingi vya kerneli haraka, kwa hiyo ndani ya Git barua pepe imo tangu mwanzo. Sababu ya kubaki nayo hadi leo naiona ni ya haki kabisa. Huhitaji kufungua akaunti kwa kampuni yoyote. Kila barua hubaki wazi kwenye kumbukumbu za umma, na miaka kumi baadaye mtu anaweza kusoma kwa nini mstari fulani uliandikwa vile. Na kila toleo la kerneli, linalotoka takriban kila baada ya wiki 9 au 10, hubeba mabadiliko zaidi ya 10,000. Kwa wingi huo watunzaji wanataka kusoma, kujibu na kupitisha bila kuondoka mahali pamoja.

Kwa sisi wa kusini ipo sababu nyingine, nami naipenda kuliko hizo. Barua pepe inavumilia mtandao mbovu. Kiraka chako ni kilobaiti chache, hakili bando. Unakitengeneza bila intaneti, unakiweka kwenye folda, na siku mtandao ukitulia unakituma kwa sekunde chache. Mwezi Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipita, barabara ya Lindi kwenda Dar es Salaam ikakatika maeneo ya Somanga, na kabla ya mwezi kufika nusu nyaya za baharini za EASSy na Seacom nazo zikakatika, intaneti ikazorota nchi nzima. Mimi nilikuwa hapa Mtwara na viraka vitatu ndani ya folda. Niliendelea kuvisahihisha kila jioni, na mtandao uliporejea vikaondoka. Kazi inayodai ukurasa wa mtandaoni uwe wazi muda wote ingenisubirisha.

Haya, tuingie kazini. Nachukulia unatumia Ubuntu au Debian. Git uliyonayo huenda haina sehemu ya kutuma barua, maana imeandikwa kwa Perl na imefungwa kwenye kifurushi chake peke yake:

```
sudo apt install git-email
```

Kisha ieleze Git wewe ni nani na barua zako zipitie wapi. Kwa Gmail ni hivi:

```
git config --global user.name "Jina Lako Kamili"
git config --global user.email anwani-yako@gmail.com
git config --global sendemail.smtpServer smtp.gmail.com
git config --global sendemail.smtpServerPort 587
git config --global sendemail.smtpEncryption tls
git config --global sendemail.smtpUser anwani-yako@gmail.com
git config --global sendemail.confirm always
```

Mstari wa mwisho usiuache. Unailazimisha Git ikuonyeshe barua na kukuuliza kabla haijaondoka. Mlango wa 587 nao una sababu yake: ule wa zamani wa 25 watoa huduma wengi wa intaneti wameufunga ili kuzuia barua taka, na utakaa unangoja bila jibu.

Nenosiri la kawaida la Gmail halitakubaliwa. Ingia kwenye akaunti yako ya Google, washa uthibitishaji wa hatua mbili, kisha tengeneza nenosiri la programu. Utapewa herufi 16. Hizo ndizo utakazoandika Git itakapouliza. Usiziandike ndani ya faili la mipangilio ya Git. Laptopu zetu huenda kwa fundi, huazimwa na ndugu, na nenosiri lililolala humo wazi ni la kila anayeifungua.

Kuhusu anwani, fikiri kidogo kabla hujaamua. Ikishaingia kwenye historia ya kerneli haitoki tena, na yeyote duniani ataiona. Wengine hufungua anwani maalumu kwa kazi hii tu. Mimi nakushauri ufanye hivyo, na namba yako ya simu isiwe popote kwenye barua. Jina liwe lile unalojulikana nalo, kwa kuwa utaweka saini, na tutafika hapo.

Angalia pia saa ya kompyuta. Andika `date` uone. Niliwahi kuwa na mashine ambayo betri ndogo ya ndani ilikwisha, na umeme ukikatika ilirudi miaka kadhaa nyuma. Muunganisho salama na seva ulikataa, nami nikapoteza usiku mzima nikibadilisha nenosiri ambalo halikuwa na kosa lolote. Komiti yako, yaani badiliko ulilolihifadhi ndani ya Git, pia hurekodi tarehe na saa, na mwishoni mwake utaona +0300, yaani saa za Afrika Mashariki.

Sasa maelezo ya komiti, na hapa nitakaa, kwa sababu ndipo viraka vizuri kutoka kwetu vinapoangukia. Msimbo wako ni mistari miwili. Mtunzaji ataisoma kwa sekunde kumi. Atakachokipima kwa muda mrefu ni maneno yako.

Kichwa kiwe kifupi, kisizidi herufi 75, na kianze kwa anwani ya sehemu unayoigusa. Usibuni, tazama wenzako walivyoandika:

```
git log --oneline drivers/usb/serial/option.c
```

Utaona karibu vyote vinaanza na `USB: serial: option:` kisha neno la kitendo. Wewe nawe andika hivyo hivyo. Chini ya kichwa ruka mstari mmoja, kisha eleza kwa Kiingereza chepesi: modemu ni ipi, inatoa milango mingapi ya USB (interfaces), na kila mlango una kazi gani. Kwa draiva hii kuna desturi nzuri ya kubandika matokeo ya amri ya `usb-devices` ya kifaa hicho. Hao watu hawana modemu yako. Wewe uliyeko Masasi ndiye peke yako mwenye ushahidi, basi uweke mezani. Kama ulipita njia ya kuandika namba kwenye `/sys/bus/usb-serial/drivers/option1/new_id` ili kujaribu kabla ya kujenga kerneli, hilo ni jaribio halali.

Angalia sana milango. Modemu moja ya USB mara nyingi hubeba mambo kadhaa: milango ya amri, mlango wa mtandao wenyewe, pengine na diski ndogo ya programu za Windows. Draiva ya option ikinyakua mlango wa mtandao, draiva inayostahili inakosa nafasi. Ndiyo maana kwenye jedwali utaona baadhi ya mistari ina `RSVD(4)` au namba nyingine: ni kusema mlango huo usiguswe. Kama uliweka namba mbili za kifaa tu bila kizuizi, rudi uhakikishe. Usishangae mtunzaji akiuliza hilo kabla ya jambo lolote.

Halafu kuna salamu. Sisi tumelelewa kwamba barua haianzi bila salamu. Huwezi kumwandikia mtu mzima ukaanza na shida yako. Lakini kila kilichomo kwenye sehemu ya maelezo kitaingia katika historia ya kerneli na kukaa humo. Ukiandika habari za siku nyingi, mimi ni kijana kutoka Masasi, naomba mnipokee, zitahifadhiwa pamoja na msimbo kana kwamba ni maelezo ya modemu. Dawa ipo, na ni nzuri. Ndani ya kiraka, baada ya saini yako, kuna mstari wenye vistari vitatu:

```
---
```

Chochote utakachoandika chini ya vistari hivyo, kabla ya orodha ya mafaili yaliyobadilika, kitasomwa na mtu lakini `git am` itakiacha. Hapo ndipo penye adabu zako: msalimie, mwambie hiki ni kiraka chako cha kwanza, mweleze kilichotokea na kile kilichoharibika. Kwa hiyo huachi desturi, unaiweka mahali pake.

Saini huwekwa kwa `git commit -s`. Inaongeza mstari wa `Signed-off-by` wenye jina na anwani yako. Ni tamko kwamba kazi ni yako, au una haki ya kuitoa kwa leseni ya mradi. Utaratibu huo uliingia mwaka 2004, baada ya kesi ya kampuni ya SCO dhidi ya IBM iliyofunguliwa mwaka 2003 kuzua mabishano ya nani aliandika nini. Usimwekee mwenzako saini, wala usikubali akuwekee.

Na kiraka kimoja kibebe jambo moja. Korosho haipokelewi ghalani hadi ikaushwe na kuchambuliwa, na anayechanganya nzuri na mbovu anarudishiwa gunia lote. Kiraka changu cha kwanza nilirekebisha kosa moja, kisha nikaona nafasi za faili zima zimekaa vibaya nikazipanga. Nilidhani nimewasaidia. Nikajibiwa kwa mstari mmoja tu kwamba nitenganishe. Aliyejibu alikuwa na haki: kosa lenyewe lilikuwa limezama ndani ya mistari mia ya nafasi tupu, na hakuna ambaye angeliona.

Komiti ikishakaa sawa, tengeneza kiraka:

```
git format-patch -1 -v2 -o kutuma/
```

Namba 1 ni komiti moja ya mwisho. `-v2` ni kwa sababu toleo la kwanza liliwafikia, japo limeraruka, na ni ustaarabu kuonyesha kwamba hili ni la pili. Faili litakaa kwenye folda ya kutuma. Ukilifungua utakuta mstari wa kwanza una tarehe ya 17 Septemba 2001. Watu huhangaika wakidhani saa yao imekosea. Tarehe hiyo ni ileile kwa kila kiraka cha Git duniani. Imewekwa kama alama, ili programu nyingine zitambue kwamba faili hili limetoka kwa format-patch. Tarehe yako ya kweli iko mistari miwili chini.

Kabla ya kwenda mbali, kerneli ina mkaguzi wake:

```
./scripts/checkpatch.pl kutuma/v2-0001-*.patch
```

Anachokiita kosa kirekebishe. Anachokiita onyo kitafakari, maana mengine ni ya mtindo tu, na mstari wa jedwali uliofuata sura ya wenzake uache ulivyo. Usirekebishe ndani ya faili la kiraka kwa mkono, ile hesabu ya 6 na 8 utaivuruga mwenyewe. Rudi kwenye msimbo, tumia `git commit --amend`, kisha tengeneza kiraka upya. Sehemu pekee ninayoruhusu kuandika kwa mkono ni pale chini ya vistari vitatu.

Sasa hatua ambayo laiti ungeifanya mwanzo, isingekupata fedheha yoyote. Jitumie mwenyewe.

```
git send-email --to=anwani-yako@gmail.com kutuma/v2-0001-*.patch
```

Itakuonyesha barua na kuuliza, bonyeza y. Ikifika, ifungue Gmail kwenye kompyuta, chagua kuonyesha barua ya asili, uipakue kama faili. Usiinakili kutoka kwenye skrini, utarudi kule kule. Kisha jifanye wewe ndiye mtunzaji:

```
git switch -c jaribio origin/master
git am ~/Downloads/barua.eml
git diff jina-la-tawi-lako jaribio
```

Weka jina la faili ulilopakua na la tawi (branch) ulilofanyia kazi. Na kama tawi lako lilianzia mahali pengine, anzisha jaribio kutoka hapo hapo. Amri ya mwisho ikikaa kimya bila kuandika neno, kiraka kimesafiri na kurudi salama. Ikiandika chochote, kuna kitu njiani kimekigusa, na umekijua wewe kabla ya mwingine. Mimi bado nafanya hivi kila ninapobadilisha mashine au anwani.

Kama barua haiondoki, ongeza `--smtp-debug=1` utazame mazungumzo kati yako na seva. Neno la uthibitisho kukataliwa ni nenosiri la programu; kimya kirefu ni mlango umefungwa au mtandao umelala. Mara nyingi kubadili kutoka Wi-Fi ya ofisini kwenda bando la simu kunatosha.

Jaribio likipita, uliza kerneli yenyewe nani wa kuandikiwa:

```
./scripts/get_maintainer.pl kutuma/v2-0001-*.patch
```

Itatoa majina ya watunzaji na anwani za orodha za barua. Mtunzaji na orodha ya USB waweke kwenye `--to`, waliobaki kwenye `--cc`. Usimtumie mtunzaji peke yake kwa siri ukidhani ni heshima zaidi. Kazi hii hufanywa hadharani, na wengine wanaweza kukusaidia yeye akiwa na shughuli. Tanguliza `--dry-run` uone orodha nzima bila kutuma, kisha iondoe:

```
git send-email --to=ANWANI --cc=ANWANI kutuma/v2-0001-*.patch
```

Baada ya hapo, subiri. Mwongozo wa kerneli unataka usikumbushe kabla ya wiki moja kupita, na majibu huweza kuchukua wiki mbili au tatu. Mwanzoni mwa kila mzunguko kuna majuma mawili ambayo Torvalds hupokea kazi za toleo linalofuata, na watunzaji wengi hawagusi viraka vipya. Kimya cha siku hizo si dharau, wala hakina uhusiano na jina lako au mahali unapotoka.

Wakikujibu, jibu chini ya kila hoja waliyoiandika, usirundike majibu yote juu ya barua. Kwa mazungumzo tu, Gmail ya kwenye kompyuta ikiwa kwenye maandishi matupu inatosha. Simu iache kabisa. Kama hoja ni sahihi, sema sawa, nitarekebisha. Kama huafiki, eleza kwa ushahidi wa kifaa chako. Usiombe radhi kila mstari. Najua kwetu kumpinga mtu mzima kunaonekana ukosefu wa adabu, lakini pale ukinyamaza na kukubali jambo unalojua si kweli, atakayeumia ni mtu mwingine mwenye modemu kama yako. Toleo la tatu likihitajika, tengeneza na `-v3`, na chini ya vistari vitatu andika kilichobadilika tangu la pili. Kwa kerneli litume kama barua mpya, na kama unataka, weka kiungo cha barua ya zamani kutoka lore.kernel.org, ambako zote huhifadhiwa. Miradi mingine hupenda toleo jipya lifungwe kwenye uzi wa zamani kwa `--in-reply-to`, kwa hiyo soma mwongozo wa mradi husika kwanza.

Leo usiku, mtandao ukipoa, fanya lile jaribio la kujitumia. `git am` ikigoma, nitumie vitu viwili: faili la kiraka kama lilivyotoka kwenye format-patch, na barua ya asili uliyoipakua Gmail. Vyote viwili vifunge kwenye zip kabla ya kuambatisha, visiguswe tena njiani. Nitavilinganisha mstari kwa mstari na kukuonyesha mahali vinapoachana.